Mkonge wa Vipingo na hisa ya bei ya soda

Mwaka 2012, nikifundisha somo la biashara katika shule moja ya upili hapa Kikambala, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniletea kipande cha gazeti alichofungiwa mandazi. Kilikuwa ukurasa wa bei za Soko la Hisa la Nairobi. Kidole chake, ambacho bado kilikuwa na mafuta, kilisimama juu ya jina la Rea Vipingo Plantations.

"Mwalimu," aliniuliza, "mkonge ule wote tunaouona tukienda Kilifi ndio kampuni hii?"

Nikamjibu kwamba ndiyo.

"Na hisa yake moja haifiki bei ya soda?"

Darasa likacheka. Mimi nikageukia ubao. Mada ya muhula ilikuwa mahitaji na ugavi, nami nikampa jibu la kitabu: bei husimama pale mahitaji na ugavi vinapokutana, na hisa ikiwa rahisi ni kwa sababu wanaoitaka ni wachache. Jibu lilikuwa sahihi kwa namna ile ile ambavyo ni sahihi kumwambia mgonjwa kwamba ana homa kwa kuwa mwili wake una joto.

Kosa langu halikuishia darasani. Nilikuwa na hisa 1,000 za kampuni hiyo hiyo, nilizozinunua kwa akiba ya miaka. Wakala mmoja wa hisa mjini Mombasa alinishauri mwaka ule niziuze: "Mwalimu, hii imelala. Tia pesa zako penye uhai." Nikaziuza kwa bei isiyofika shilingi 20 kila moja, nikanunua mabati. Mabati yangali juu ya kichwa changu, na kila mvua ya masika inaponyesha hunisomea hesabu upya.

Nimelikumbuka swali la mwanafunzi yule kwa sababu katika vyumba vya walimu halikomi. Mmoja atasema kampuni fulani ina mashamba, ina majumba, ina mitambo, na hisa yake inauzwa shilingi chache. Basi ni mali ya bure. Mwingine atajibu kwamba soko halikosei, kilicho rahisi ni kibovu. Baada ya kuyatazama yaliyotokea hapa jirani tangu mwaka 2013, nimeona kwamba wote wawili wanaitazama bei kana kwamba inapima ukubwa wa mali ya kampuni. Bei ya hisa ya kampuni ndogo hupima jambo jingine, nalo ni tamaa aliyo nayo mwenye hisa chache kwamba mali ile itapata siku moja njia ya kumfikia mkononi. Mali yaweza kuwa kubwa na njia ikawa finyu kama tundu la sindano.

Nieleze kwanza kampuni yenyewe, kwa wale wasioipita njia hii. Ukitoka Mombasa ukavuka daraja la Mtwapa, ukapita Kanamai na Kikambala, hukawii kuingia Vipingo. Hapo minazi inapungua na mistari ya mkonge inaanza, kijani kibichi kilichochanganyika na kijivu, imenyooka hadi macho yanachoka. Shamba hilo lilikuwa moja tu kati ya mali za kampuni. Ilikuwa na shamba la Dwa huko Kibwezi, na ng'ambo ya mpaka ilikuwa na mashamba ya Amboni katika mkoa wa Tanga. Hisa zake, ambazo jumla yake zilikuwa milioni 60, ziliingia sokoni Nairobi katikati ya miaka ya 1990, na zaidi ya nusu zilibaki mikononi mwa mwenye kampuni mmoja kutoka Uingereza, Rea Trading.

Mkonge ni zao lenye historia ndefu ya matumaini na majuto. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na kutokana na miche 62 tu iliyofika ikiwa hai, Tanga ikaja kuwa jina kubwa duniani katika biashara ya katani. Kisha zikaja nyuzi za plastiki, na kuanzia miaka ya 1960 kamba ya katani ikawa kitu cha kizamani. Mashamba mengi yaligeuka vichaka. Yale yaliyosalia, la Vipingo likiwemo, yalisalia kwa kuendeshwa kwa uangalifu mkubwa. Nalisema hili kwa kuwa msomaji asije akadhani kwamba hisa ilikuwa rahisi kwa sababu ya uzembe. Kampuni ililima vizuri na kuuza vizuri.

Hata hivyo, mapato ya mkonge ni mapato yanayomchosha mnunuzi wa hisa. Mmea husubiriwa miaka kabla ya jani la kwanza kukatwa. Katani huuzwa kwa dola, na mishahara hulipwa kwa shilingi. Shilingi ikiporomoka, kama ilivyofanya Oktoba 2011 ilipofika 107 kwa dola moja, kampuni huonekana hodari. Ikipata nguvu, hodari huyo huyo huonekana mlegevu. Fauka ya hayo, kanuni za kimataifa za uhasibu zilizoanza kutumika mwaka 2003 zilitaka mimea iliyo shambani ithaminiwe upya kila mwaka, na ongezeko la thamani liandikwe kuwa faida. Mwenye hisa alisoma faida nono, akaja kukuta kwamba sehemu yake ilikuwa ni majani ambayo bado hayajakatwa. Ukidanganyika hivyo mara mbili, mwaka wa tatu huamini hata faida iliyo ya kweli.

Lakini mkonge ulikuwa nusu ya habari, tena nusu ndogo. Nusu kubwa ilikuwa chini ya mkonge.

Ardhi ambayo baadaye iliuzwa Vipingo ilikuwa ekari 10,254. Novemba 2013 hisa ilikuwa imepanda hadi shilingi 27.50. Zidisha kwa milioni 60, upate shilingi bilioni 1.65. Huo ndio uliokuwa uzito wa kampuni nzima katika mizani ya soko: Vipingo, Dwa, Amboni, vinu, matrekta na katani iliyo ghalani. Sasa fanya mchezo. Chukulia kwamba Dwa ni bure, Amboni ni bure, vinu ni vyuma chakavu. Igawanye bilioni hiyo na nusu ushei kwa ekari za Vipingo peke yake. Utapata takriban shilingi 161,000 kwa ekari. Wakati huo huo, kando ya barabara yetu ya Kikambala, watu niwajuao walikuwa wakilipa zaidi ya hizo kwa kiwanja kisichofika robo ya ekari, tena bila maji. (Nimeyaacha madeni ya kampuni katika mchezo huu, mwanafunzi makini asiyaache, lakini atakuta hayaligeuzi jibu.)

Je, ilikuwa siri? Hata kidogo. Utingo wa matatu ya Mombasa na Kilifi aliijua bei ya kiwanja kuliko mimi. Mawakala wa Nairobi waliijua. Ilikuwaje, basi, jambo linalojulikana stendi ya Majengo lisionekane sokoni?

Jibu ni kwamba kulijua jambo na kuweza kulifanyia kazi ni mambo mawili. Mimi na hisa zangu 1,000 nilikuwa na sehemu moja kati ya sehemu 60,000 za kampuni. Sikuweza kuuza hata upana wa unyayo wa ardhi ile. Sikuweza kudai ikatwe viwanja. Hata wenye hisa wote wadogo, kutoka Lamu hadi Busia, kama wangekusanyika katika ukumbi mmoja na kuinua mikono kwa pamoja, wasingeweza kumshinda mmoja aliyeshika zaidi ya nusu. Na huyo mmoja alikuwa mkulima wa mkonge. Maadamu yeye alitaka kulima, ekari zile kwa mwenye hisa mdogo zilikuwa na thamani ya katani tu. Soko halikuwa limeipofukia ardhi. Lilikuwa linaiona sawasawa, na mlangoni linamwona mwenye funguo.

Jambo hili halimo katika mada ya mahitaji na ugavi tunayofundisha, nami nadhani ni upungufu. Tunamfundisha mtoto kwamba hisa ni sehemu ya umiliki. Ni kweli kwa herufi. Lakini umiliki una viungo vyake: haki ya kutumia, haki ya kuuza, haki ya kuamua, haki ya kula matunda. Mwenye hisa chache katika kampuni yenye bwana mmoja amebakiwa na kiungo cha mwisho peke yake, na hicho nacho kwa kiasi kitakachopendwa na wakurugenzi wanapotangaza mgao. Anunuaye hisa kama hiyo kwa bei ya umiliki kamili amelipia ng'ombe mzima akapewa haki ya kikombe cha maziwa.

Lipo na tatizo la uchache wa biashara. Hisa nyingi zikiwa zimefungiwa kwa mtu mmoja, zinazozunguka sokoni huwa chache; siku zilipita bila hisa ya Vipingo kubadili mkono. Anayetaka kuuza hisa 5,000 kwa haraka hujikuta akiiporomosha bei kwa mkono wake mwenyewe, na anayejua hilo hudai bei ya chini kabla hata ya kununua. Mfano ulio mkali zaidi unalo jina la jirani zetu. Kampuni ndogo iitwayo Kurwitu Ventures, ambayo jina lake latukumbusha kijiji cha Kuruwitu kilicho upande wa bahari hapa Vipingo, iliingia katika soko la kampuni changa mwaka 2014. Kwa miaka mingi bei iliyoandikwa mbele ya jina lake ilikuwa shilingi 1,500 ile ile. Msomaji asiye mzoefu angesema: hisa imara kama mbuyu! Lakini bei isiyosogea kwa kuwa hakuna auzaye wala anunuaye ni kumbukumbu tu ya bei. Kwa hiyo hata neno "rahisi" na neno "ghali" yataka uangalifu: rahisi kwa hisa ngapi, na kwa siku ipi?

Hatimaye palikuwa na ardhi yenyewe na sheria zake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 65, yasema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa raia ikiwa tu inamilikiwa yote na raia. Kampuni yenye bwana wa Uingereza haikuwa raia. Kuigeuza ardhi ya kilimo iwe ya makazi kulihitaji vibali, barabara na maji, na maji upande huu ndiyo kilio cha kila siku. Tena hii ni Pwani. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka watu waandikishe madai yao ya ardhi katika ukanda huu. Wamijikenda wengi hawakuandikisha, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Hadi leo ukizungumza habari ya ekari elfu kumi mbele ya wazee wa Junju, hutaulizwa bei yake. Mnunuzi wa hisa aliyeko Nairobi huenda asiyajue hayo kwa undani, ila anajua kwamba kuna jambo, na asilolijua hulikatia bei.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Novemba 2013, Rea Trading ilipotangaza kwamba inataka kununua hisa zote zisizo zake na kuitoa kampuni sokoni. Ilitoa shilingi 40 kwa hisa.

Naomba walimu wenzangu tusimame hapa kidogo. Arobaini dhidi ya 27.50 ni nyongeza ya asilimia 45. Kwa mtu aliyezizoea hisa zilizolala, ni neema iliyoshuka. Nilionana na mwalimu mstaafu aliyekuwa bado na hisa zake, akaniambia, "Kaka, mzungu ametukumbuka." Asilaumiwe. Kipimo pekee alichokuwa nacho ni bei ya jana, na kwa kipimo hicho alikuwa anapewa zawadi.

Nami naona kwamba hatari kubwa ya hisa iliyodumaa kwa mwenye nacho kidogo ni hiyo hasa. Tumezoea kudhani kwamba hasara yake ni kusubiri tu. Bei ndogo ikidumu, hugeuka kuwa rula. Siku mwenye nguvu anapotaka kununua, hahitaji kuzungumza juu ya ekari. Huzungumza juu ya bei ya sokoni, akaongeza kidogo juu yake, na ukarimu wake ukaonekana wazi. Bei iliyokuwa chini kwa sababu yeye ameshika funguo ndiyo inayotumiwa kumpimia asiye na funguo. Sisemi kwamba mtu yeyote aliidumaza bei ile kwa makusudi, wala sina haja ya kusema hivyo. Kuwepo kwake tu mlangoni kulitosha.

Kilichookoa jahazi ni mtu wa pili. Kabla mwaka haujaisha, Centum, kampuni ya uwekezaji ya Nairobi iliyo sokoni, ile iliyoanzishwa mwaka 1967 kwa jina la ICDC Investment, iliingia na kutoa shilingi 50. Nayo haikuwa na kiu ya katani, ilitaka ardhi. Kuanzia hapo bei ikapanda ngazi kwa ngazi, huyu akiongeza na huyu akiongeza, huku biashara ya hisa hiyo ikiwa imesimamishwa sokoni na wenye hisa wakisoma magazeti kwa hamu ya watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mwisho wake walipatana: Rea Trading iwalipe wenye hisa shilingi 85 na kubaki na biashara ya mkonge, Centum ipate ardhi ya Vipingo. Mwaka 2015 jina la Rea Vipingo likaondolewa sokoni.

Themanini na tano. Kampuni iliyokuwa na uzito wa bilioni 1.65 sasa ilikuwa na uzito wa bilioni 5.1. Aliyekuwa na hisa 1,000 angalichukua shilingi 27,500 kwa bei ya soko, 40,000 kwa zawadi ya kwanza, 85,000 kwa bei ya mwisho. Yule mwalimu mstaafu hakuwahi kurudia tena maneno yake ya kukumbukwa. Alijenga kisima.

Ni nini kilichobadilika katika muda ule? Mkonge haukurefuka. Ekari hazikuongezeka hata moja. Bei ya katani haikuwa imepanda mara tatu, wala wakurugenzi hawakuwa wamegundua dhahabu. Kilichobadilika ni kwamba kwa muda mfupi walikuwepo watu wawili waliohitaji idhini ya wadogo. Hisa ambayo jana haikuwa na kauli, leo ilikuwa kura inayogombaniwa. Ardhi ilipata njia ya kufika mkononi mwa mwenye hisa mmoja mmoja, na bei ikapanda kuifuata njia hiyo.

Hadithi ingekoma hapo, ingekuwa tamu na ya kupotosha, kwa kuwa mtu angesema: basi tafuta kampuni yenye ardhi kubwa na hisa rahisi, kaa kitako, wanunuzi watakuja. Lakini iliendelea, na sehemu yake ya pili ndiyo iliyonifunza zaidi.

Ekari zile ziliingia katika vitabu vya Centum. Wathamini walizithamini upya, na thamani ya mali ikapanda sana katika hesabu. Sehemu ya mashamba imegeuka kuwa viwanja na nyumba. Ukipita leo utaona mabango, kuta na nyumba mpya zilizojipanga kama mkonge ulivyokuwa umejipanga. Kwa mantiki ya wale wanaosema mali ndiyo bei, hisa ya Centum ingepaa. Mwishoni mwa mwaka 2014, wakati vita vya Vipingo vinamalizika, ilikuwa karibu na shilingi 60. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa chini ya shilingi 10, ilhali hesabu zake zilionyesha mali halisi, madeni yakishatolewa, inayozidi shilingi 50 kwa kila hisa. Ardhi ile ile ya Vipingo ilitoka katika kampuni ambayo soko liliipunja, ikaingia katika kampuni nyingine ambayo soko liliipunja vile vile. Kana kwamba dharau hiyo ilikuwa ndani ya hatimiliki.

Wapo waliomlaumu mwekezaji mwenye hisa nyingi zaidi, marehemu Chris Kirubi aliyefariki mwaka 2021, wapo waliowalaumu wakurugenzi, na wapo waliolaumu nchi nzima. Mimi narudi kwenye swali la njia. Faida ya Centum kwa miaka kadhaa ilitokana kwa kiasi kikubwa na kuthamini upya mali, na thamani ya mthamini hailiwi mpaka apatikane mnunuzi. Viwanja huuzwa kimoja kimoja, polepole, na polepole zaidi baada ya janga la korona mwaka 2020. Kampuni ilikuwa na madeni ya kulipa kwanza. Mgao ukashuka chini ya shilingi moja kwa hisa. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikikopa kwa riba ya kutisha: Februari 2024 iliuza hatifungani za miundombinu zenye riba ya zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, tena bila kodi. Mwalimu mwenye shilingi 100,000 atasubirije kiwanja cha mtu mwingine kiuzwe, na huku serikali inamwahidi 18,000 kila mwaka akiwa amelala? Shilingi ya kesho, isiyo na tarehe, hupimwa dhidi ya shilingi ya leo iliyo na riba, na kila riba inapopanda, shilingi ya kesho hunywea.

Wakurugenzi wa Centum wenyewe walikiri kwa vitendo kwamba bei ilikuwa mbali na mali, kwani mwaka 2023 kampuni ilianza kununua hisa zake yenyewe sokoni. Ni hatua ya busara: ukinunua kwa kumi kile unachokiandika hamsini, wanaobaki wanafaidika. Lakini angalia msomaji kilichokuwa kikifanyika. Kampuni ilikuwa inajaribu kutoboa njia ya fedha kumfikia mwenye hisa. Haikuwa inaongeza mali hata chembe.

Na kuna wale ambao njia haikutobolewa kabisa. Wakulima na walimu wengi wa Magharibi ya Kenya walinunua hisa za kampuni ya sukari ya Mumias mwaka 2001 kwa shilingi 6.25. Bei ilipoanza kuanguka miaka ya baadaye, hoja ya kuzing'ang'ania ilikuwa ile ile niisikiayo katika vyumba vya walimu: kampuni ina ardhi, ina kiwanda, ina mtambo wa umeme, haiwezi kufa. Septemba 2019 benki iliyoidai iliteua mrasimu wa kuishika mali hiyo, na biashara ya hisa ikasimamishwa zikiwa na bei isiyofika senti 50. Ardhi ilikuwepo kweli. Kiwanda kilikuwepo kweli. Ila mwenye hisa ni mtu wa mwisho katika foleni, nyuma ya benki, nyuma ya mtoza kodi, nyuma ya wafanyakazi na wakulima wa miwa wanaodai, na chakula kilikwisha kabla foleni haijafika katikati. Aliyeiona hisa ya Mumias kuwa rahisi kwa sababu ya ekari zake alikuwa amezihesabu ekari za wadai.

Kwa hiyo hisa ya shilingi 15 ya Vipingo ilikuwa rahisi kweli, na hisa ya shilingi moja ya Mumias ilikuwa ghali kupita kiasi, na hesabu ya mali kwa kila hisa haikuweza peke yake kuzitenganisha. Kilichozitenganisha ni foleni na mlango: nani yuko mbele ya mwenye hisa, na nani anaweza kulazimishwa kumfungulia. Vipingo mbele yake alikuwapo bwana mmoja asiye na madeni ya kumlemea, na palitosha mshindani mmoja kumwondoa mlangoni. Mumias palikuwa na umati.

Siku hizi nikiulizwa swali la bei ya soda sichori tena ile misalaba miwili ya mahitaji na ugavi. Nawapeleka wanafunzi barabarani na daftari. Wanahesabu hatua za upande mmoja wa kipande cha mkonge kilichosalia, wanakadiria ekari, wanauliza bei ya kiwanja kwa dalali aliyeketi chini ya mwembe. Wakirudi darasani nawapa karatasi yenye orodha ya wenye hisa wakubwa na ukurasa wa madeni, nawaambia wakokotoe hisa moja wangeinunua kwa shilingi ngapi. Muhula uliopita majibu yalianzia shilingi 4 yakafika 210. Aliyeandika 4 alikuwa binti wa mkata mkonge kutoka Shariani. Nilimwuliza amepataje namba ndogo hivyo, akaniambia hajakokotoa ardhi hata kidogo, kwa sababu babake ameikanyaga kwa miaka 20 na haijawahi kumpa kitu zaidi ya mshahara. Nilimpa alama zote isipokuwa moja, ya kusahau kuandika "shilingi" mbele ya jibu.